Nani Atamshika Mkono Mwanamke Kazini? Maswali ya Wasomaji na Majibu Yake

Barua tulizozipata miezi ya karibuni kutoka kwa wanawake wenye ajira, Unguja na Pemba, zinazunguka jambo moja, ijapokuwa kila mwandishi ameliingilia kwa mlango wake: mwanamke anaingia kazini na cheti chake mkononi, anaoneshwa meza na kiti, na baada ya hapo hapana anayemweleza mambo yanavyokwenda. Kwa sababu hiyo ukurasa wote wa toleo hili tumeuweka kwa ajili ya malezi ya kikazi baina ya wanawake, yaani aliyetangulia kumshika mkono anayemfuata. Majina ya waandishi tumeyahifadhi, na barua tumezifupisha pale zilipokuwa ndefu.

SWALI: Assalaam aleikum, Bi Mshauri. Mimi ni mwanamke wa miaka 27, nimeajiriwa kuwa afisa mipango katika afisi moja ya serikali hapa Chake Chake, na huu ni mwaka wangu wa tatu. Shahada ninayo na kazi naipenda. Lakini kila kikao kikiitishwa, mimi ndiye ninayepewa kuandika muhtasari na kusimamia chai, na wenzangu wanaume tulioingia pamoja wameshaandika madokezo, yaani maandishi ya kuomba uamuzi, yanayokwenda kwa Afisa Mdhamini, mkuu wa wizara kwa upande wa Pemba, na wameshapelekwa mafunzo Unguja. Wao habari za afisi wanazipata barazani baada ya sala ya Isha. Mimi nazisikia zikiwa zimeshaamuliwa. Mama yangu ananiambia nisubiri, subira yavuta kheri. Rafiki yangu aliye Dar es Salaam ananiambia nitafute mwanamke mkubwa wa kunilea kikazi. Je, jambo hilo lina faida ya kweli, na nikimtaka mtu nimwendee vipi bila ya kuonekana najipendekeza? (Afisa, Chake Chake)

JIBU: Waaleikum salaam warahmatullahi wabarakatuh, mwanangu. Mama yako amekuusia jema, ila subira haimzuii mtu kutafuta njia huku anasubiri; na rafiki yako naye amekwambia kweli. Faida ipo, tena kubwa, lakini inategemea unachokitafuta kwa huyo mlezi, na hapo ndipo wengi tunapopotea.

Angalia kwanza wanachokipata wenzako. Pale barazani, baina ya kikombe cha kahawa na mchezo wa dhumna, mkuu wa kitengo anataja kwamba kuna mradi unakuja, kwamba jalada fulani limekwama masijala, wanakotunza majalada, kwamba mkubwa hapendi dokezo linalozidi ukurasa mmoja. Hapana aliyekaa kuwasomesha, lakini wamesoma. Sisi wakati huo tunalaza watoto au tunaandaa chakula cha usiku, wala si desturi yetu kukaa barazani na wanaume, nami sikwambii uende. Maarifa yale yale yanaweza kukufikia kwa njia nyengine, nayo ni mwanamke aliyekutangulia akusudie kukupa, ndani ya saa za kazi, kile ambacho wanaume wanapeana usiku bila ya kukusudia.

Mtaalamu wa Marekani, Kathy Kram, aliyeyachunguza mahusiano ya namna hii makazini na kuchapisha matokeo yake katika miaka ya 1980, aliyagawa manufaa yake sehemu mbili. Ya kwanza ni ya kazi yenyewe: kufundishwa, kupewa kazi ngumu zinazomkuza mtu, kukingwa anapokosea, kujulishwa kwa wakubwa na kutajwa kwa wema mbele yao. Ya pili ni ya moyo: kuthibitishiwa kwamba unaweza, kupata pa kuzitua shaka zako, kumwona mtu wa kuigwa.

Hapa nina neno langu. Wanawake wa maafisini tunapeana sehemu ya pili kwa wingi na ya kwanza kwa uhaba. Mwenzetu akifiwa tunakwenda, akijifungua tunachanga, akijifungia kulia kwa sababu ya maneno ya mkubwa tunamfuata na kumfuta machozi. Yote hayo ni mema na yasiachwe. Lakini jalada hatumfungulii. Hatumwambii safari za kikazi zinavyoombwa, wala dokezo lake limerudishwa kwa sababu gani, wala ni nani anayepaswa kuonwa kabla ya kikao ili jambo lisikataliwe ndani ya kikao. Tunamtuliza, kisha anarudi kwenye meza ile ile akiwa hajui zaidi ya alivyojua asubuhi.

Wazee wetu hawakuyaachia bahati malezi ya mtoto wa kike. Mwari alitafutiwa somo, mtu anayejulikana, mwenye dhima: mwari akishindwa na mambo yake, somo ndiye aliyeulizwa. Na mafunzo ya unyago hayakuwa maneno matupu. Mwari alioneshwa, akatenda, akarudishwa, akatenda tena mpaka ajue. Bi Kidude, aliyefariki tarehe 17 Aprili 2013 na ambaye ulimwengu unamkumbuka kwa taarabu, hapa kwetu aliheshimiwa vile vile kwa kazi hiyo ya kuwafunda wari. Inanisikitisha kwamba tulipoingia maafisini tuliuacha mlangoni utaratibu huo wa mtu mmoja kubeba dhima ya mwengine, tukabakisha kupeana pole.

Kwa hiyo ukimwendea bibi unayemwamini hapo kazini, usiende na ombi kubwa la kutaka awe mlezi wako. Ombi la namna hiyo humtia mtu hofu kwa sababu halina mwanzo wala mwisho, na ndilo hasa linaloonekana kujipendekeza. Nenda na karatasi. Wewe unaandika mihutasari ya vikao, na ijapokuwa kazi hiyo umepewa kwa dharau, imekupa kitu ambacho wenzako hawana: unajua nani aliahidi nini, tarehe gani, na lipi halikutekelezwa. Chagua jambo moja katika hayo. Liombe masijala jalada linalohusika, kama unaruhusiwa kulisoma, uangalie madokezo ya nyuma yalivyopanda kutoka kwa afisa hadi kwa mkuu wa kitengo hadi kwa Afisa Mdhamini, na kila mmoja alivyoweka maoni, saini na tarehe. Kisha andika lako, umpelekee bibi huyo kabla ya kulipeleka popote: "Shikamoo, mama. Nimejaribu dokezo hili, naomba unioneshe palipopungua."

Nimewaona mabibi wazoefu wakilishika dokezo la mgeni. Kalamu inaikata aya yote ya mwanzo, ile inayoanza na "kama inavyofahamika", kwa sababu kinachofahamika hakihitaji aya. Aya ya mwisho, yenye ombi, inavutwa kwa mshale hadi juu kabisa. Halafu linakuja swali ambalo chuo hakikukufundisha: fedha hizi zinatoka kifungu gani cha bajeti, na kifungu hicho bado kina kitu mpaka Juni, mwaka wa fedha unapokwisha? Ukishaulizwa swali hilo mara mbili tatu, utaanza kujiuliza mwenyewe kabla hujaandika, na atakayelisoma dokezo lako atajua kwamba limeandikwa na mtu anayeijua kazi.

Hatua inayofuata ni ngumu zaidi na haimo mikononi mwako. Jina la mtu wa kupelekwa mafunzo hutajwa katika chumba ambacho yeye mwenyewe hayumo. Mwaka 2010 mtafiti Herminia Ibarra na wenzake Nancy Carter na Christine Silva walichapisha uchunguzi kuhusu makampuni makubwa ya nchi za nje, wakaonesha kwamba wanawake walikuwa na walezi wa kuwashauri sawa na wanaume, hata kuwashinda kidogo, lakini wanaume ndio waliokuwa na wakubwa wa kuwapigania siku vyeo vinapogawiwa. Kwa sisi wa Pemba jambo hilo linaonekana hasa katika safari. Mtu anasema, "Huyo ana mtoto mchanga, hatoweza kupanda boti bandarini Mkoani akakae Unguja wiki mbili," wote wanaitikia, na mwenye mtoto hakuulizwa. Mwanamke mmoja aliyemo chumbani akisema tu, "Muulizeni kwanza," shauri hubadilika. Kwa hivyo bibi yule akishazoea kuiona kazi yako, mwambie wazi kwamba unataka mafunzo, kwamba wewe na mumeo au wazee wako mmeshazungumza, na kama una mtoto, kwamba ana wa kumwangalia. Asipojua hayo hatokuwa na la kukusemea.

Kuhusu chai na muhtasari, mwombe mkuu wako kwa adabu kwamba kazi hizo ziende kwa zamu. Ukiweza kumpata mwenzako wa kiume mmoja wa kuliunga mkono ombi hilo kabla ya kikao, litapita bila ya maneno mengi.

SWALI: Nafanya kazi kitengo cha hesabu katika taasisi moja ya Mjini, Unguja. Mkubwa wangu ni mwanamke, wa mwanzo kukishika cheo hicho. Nilidhani nimepata bahati, kumbe ananibana kuliko anavyowabana wanaume. Nikimuuliza jambo hunijibu kwamba yeye hakushikwa mkono na mtu. Hapo kazini wanasema adui wa mwanamke ni mwanamke, na mimi nimeanza kuamini. (Mhasibu, Mjini)

JIBU: Mdogo wangu, msemo huo usiuweke moyoni. Wanaume wawili wakigombea cheo, watu husema wanagombea cheo. Wanawake wawili wakigombea, husemwa maumbile yao. Mkubwa wako ana makosa yake, nami sitamtetea kwa kila alitendalo, lakini ni vyema ujue linakotoka jambo lenyewe, maana utakalolifanya litategemea hapo.

Mwaka 2011 watafiti wa Uholanzi walioongozwa na Belle Derks walichapisha uchunguzi waliowafanyia askari polisi wanawake wa vyeo vya juu nchini humo. Walipokumbushwa jinsi wanawake wanavyobaguliwa katika kazi ile, wale ambao tangu hapo hawakujihesabu sana kuwa pamoja na wanawake wenzao walizidi kujitenga nao, na wale waliojihesabu kuwa pamoja nao walizidi kutaka kuwafungulia njia. Ubaguzi ni ule ule mmoja, ila mmoja umemfanya afunge mlango na mwengine umemfanya aufungue. Mwanamke aliyepanda peke yake, akaambiwa kila siku kwamba yeye si kama wanawake wengine, hufika akaamini kwamba sifa hiyo ndiyo iliyompandisha, na akimkaribia msichana kama wewe huona kama anairudisha. Tena mahali ambapo watu wamezoea kwamba wakubwa wote ni wanaume isipokuwa mmoja, kila mwanamke anayefanya vizuri huonekana amekuja kukichukua kile kiti kimoja. Ni hali ya ukewenza: aliyeileta hasumbuki nayo, na waliomo ndani wanaangaliana kwa jicho baya.

Sasa pima jambo moja kwa uadilifu. Anapokurudishia kazi, hurudisha na sababu? Kama anakuandikia kwamba hesabu ya benki hailingani na daftari na kwamba risiti tatu hazina saini, basi huyo ni mkali lakini anakufundisha, na pengine anakubana wewe zaidi kwa kuwa anajua kosa lako litahesabiwa kuwa la wanawake wote. Ukali wa namna hiyo uchukue, hata kama unauma. Kama anarudisha bila ya neno, au anakuficha taarifa unazozihitaji kufanya kazi yako, hapo unabaniwa, na usijidanganye kwamba ni malezi.

Kabla hujamkatia tamaa, jaribu kumwuliza swali ambalo huenda hajaulizwa na mtu: alifanyaje mwaka wa kwanza alipofunga hesabu za mwaka akiwa mwanamke peke yake? Muulize kwa kutaka kujua, siku isiyo na haraka. Mtu ambaye hakushikwa mkono mara nyingi ana mengi ya kusimulia, na akishasimulia huona kwamba amekwishaanza kufundisha.

Akikataa, usimkalie. Malezi ya kikazi hayalazimu yatoke kwa mkubwa wako wa moja kwa moja. Mara nyengine ni bora yasitoke kwake, kwa sababu yeye ndiye anayekupima na mtu humwogopa anayempima. Mtafute mwanamke wa kitengo chengine au wa taasisi nyengine yenye kazi kama yako. Wanasheria wanawake wa hapa wana jumuiya yao, ZAFELA. Wanahabari wanawake wana chama chao, TAMWA, kilichoanzishwa mwaka 1987 na chenye afisi hapa Zanzibar. Vyama vya namna hiyo vina shughuli nyingi za nje, lakini moja ya faida zake ni kwamba msichana mgeni hukaa meza moja na aliyeifanya kazi miaka 20. Na kama hapana jumuiya ya taaluma yako, wasichana watatu wa rika moja mnatosha kuanza: kila mmoja aje na tatizo moja la kazi, lizungumzwe mpaka lipate njia. Naomba tu mjizuie, saa hiyo isiishie katika kumsema mkubwa wako.

SWALI: Mimi sikusoma sana, nimeishia kidato cha pili. Nilikuwa nalima mwani na mama yangu, sasa nasafisha vyumba katika hoteli upande wa Paje. Mambo haya ya kulelewa kikazi nayasikia redioni, naona ni ya wenye vyeti. (Mfanyakazi wa hoteli, Kusini Unguja)

JIBU: Mwanangu, wewe umelelewa kikazi kabla ya wengi wanaoniandikia. Kilimo cha mwani kilianza katika pwani yenu ya mashariki mwaka 1989, na wanawake waliokishika hawakuingia darasani. Wakati wa bamvua, maji yanapokupwa, mmoja aliinama karibu na aliyejua, akaona jinsi mbegu inavyofungwa kwenye kamba isikatike wala isichukuliwe na mkondo, kamba inavyovutwa baina ya vigingi, na siku gani ya kuvuna. Hivyo ndivyo kazi ilivyoenea kijiji kwa kijiji, na wewe uliipokea kwa mama.

Na haikuishia kwenye kufunga mbegu. Bahari ilipopata joto na ule mwani wa bei nzuri, kotonii, ukawa unakufa, mtafiti wa mambo ya bahari Dkt. Flower Msuya na wenzake walianzisha mwaka 2006 mpango wa kuwaunganisha wakulima, watafiti na wafanyabiashara. Wanawake wakajifunza kutengeneza sabuni kwa mwani wa unga na kuufikisha sokoni, na wakajaribu kulima kwa neti katika maji ya kina. Nakueleza haya kwa sababu pale aliyesoma na asiyesoma walihitajiana: mmoja alijua maradhi ya mwani, mwengine alijua maji ya pale kila saa ya siku. Vivyo hivyo katika umeme wa jua: kina mama wa vijijini, baadhi yao wasiojua kusoma, walipelekwa Tilonia nchini India wakarudi mafundi, na baadaye mafunzo hayo yakawa yanatolewa hapa hapa Kinyasini katika chuo cha Barefoot, mwanamke akimfundisha mwanamke kuunganisha taa kwa kufuata rangi na alama.

Hotelini kwenu, mwangalie msimamizi wa vyumba. Anapokwenda kukagua, anashika karatasi yenye orodha. Mwombe siku moja ufuatane naye, ukishamaliza vyumba vyako, uone anachokitazama. Mwombe akuoneshe mashuka na mataulo yanavyohesabiwa kwenda na kurudi dobi, kwa sababu upotevu wa vitu hivyo ndiyo hofu kubwa ya msimamizi, na mwenye kujua kuuzuia hutafutwa. Kiingereza cha kazi hiyo ni maneno machache yanayorudi kila siku. Mpate mwenzio wa mapokezi akufundishe. Rais Samia Suluhu Hassan, mzaliwa wa Makunduchi, si mbali na hapo ulipo, alipomaliza sekondari mwaka 1977 aliajiriwa kuwa karani wizarani, na masomo ya utawala pale Mzumbe akayamaliza mwaka 1986 akiwa ameshakuwa mfanyakazi. Cheti kinaweza kufuata kazi.

SWALI: Mimi ni mkuu wa kitengo, mwanamme, na wengi wa wafanyakazi wangu ni wanawake. Nikimwita mmoja wao kumwelekeza, maneno hayakosi, na mke wangu hapendi. Nimeona bora wanawake walelewe na wanawake wenzao. Nakosea? (Mkuu wa kitengo, Wete)

JIBU: Ndugu yangu, tahadhari yako ni ya mtu mwenye haya na naiheshimu, lakini uamuzi wako una tatizo. Huyo mwanamke wa kuwalea yuko wapi? Kama wewe ndiye mwenye ujuzi wa kazi katika kitengo hicho, ukijitoa umewaacha bila ya mtu, na wanaume wa kitengo utaendelea kukutana nao barazani na msikitini, bila ya mwenyewe kujua kwamba unawapa wao tu.

Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu, mzaliwa wa Fumba na muuza vyungu, alipohamia mjini mwaka 1911 alifundishwa muziki na mpiga udi wa kiume. Mwaka 1928 alikuwa Bombay akirekodi santuri, na walioupokea usanii wake baadaye ni pamoja na Bi Kidude. Mwanamme alimfundisha mwanamke mmoja, na wanawake wakaendeleza wenyewe.

Waite wawili au watatu kwa pamoja, saa za kazi, mlango ukiwa wazi. Usiwapigie simu usiku. Kila Jumatatu asubuhi waambie wote, wanaume kwa wanawake, yale yaliyozungumzwa nje ya afisi kuhusu kazi. Ukifanya hivyo kwa miezi michache, hata mkeo atajua utaratibu wako na watu watachoka kusema.

Na kwa kuwa barua yako imelifungua jambo hili, niwaambie wanawake wanaosoma: msaada wa kikazi wenye bei ya mwili ni rushwa ya ngono. Mkubwa akikutaka kwa ajili ya safari au daraja, weka ujumbe wake, mwambie mtu mmoja unayemwamini siku ile ile, na Mamlaka ya Kuzuia Rushwa na Uhujumu Uchumi, ZAECA, ipo kwa ajili ya malalamiko ya namna hiyo. Mwanamke aliyewatangulia akiletewa habari kama hii asimwambie msichana anyamaze kwa ajili ya sitara ya afisi.

SWALI: Nimebakisha muda mchache nistaafu. Wasichana wawili wa afisini wananifuata niwaelekeze. Zamani nilimfundisha mmoja mpaka akajua, akahamia taasisi nyengine na hata kunipigia simu hakunipigia. Tena sina wakati. Nyumbani nina wajukuu na mama mgonjwa. Mnanishauri nini? (Bibi wa kazi, Mwanakwerekwe)

JIBU: Bibi mwenzangu, pole kwa uzito huo wote, na Mwenyezi Mungu ampe mama afueni. Naanza na yule aliyeondoka, kwa sababu naona bado anakuuma. Kathy Kram, niliyemtaja juu, aliyaona mahusiano haya yakipita hatua nne: kuanza, kukua, kuachana, kisha kuungana tena kwa sura mpya, wawili hao wakiwa karibu kulingana. Kuachana kumo ndani yake tangu mwanzo. Msichana aliyefundika huondoka, na pale mwanzo wa kuondoka mara nyingi hukaa kimya, ama kwa kuona haya ama kwa kutaka kujijua anaweza peke yake. Mpigie wewe. Wewe ndiye mkubwa, na mkubwa akianza kusalimia hapungukiwi.

Kuhusu wakati, usitoe usionao. Wajukuu na mama wana haki yao ya kwanza, na malezi yanayomla mtu saa za nyumbani hayadumu. Wachukue wote wawili kwa pamoja, na uwape kazi ambayo wewe ungeifanya vyovyote vile. Utakapostaafu utatakiwa kukabidhi. Basi anzeni makabidhiano hayo sasa. Kila Alhamisi kabla ya kufunga afisi, fungua jalada moja kati ya yale unayoyashika, uwaeleze kwa nusu saa: jambo lilianzaje, lilikwama wapi, nani alilikwamua, na nini ambacho hakikuandikwa. Hicho kisichoandikwa ndicho utakachoondoka nacho usipokisema. Mmoja aandike, mwengine wiki ijayo aeleze tena kwa kinywa chake, na akikosea umsahihishe mbele ya mwenzake ili wote wawili wajue. Kikao cha mkurugenzi kikifika na wewe ukawa huwezi kuhudhuria kwa sababu ya mama, usitume udhuru mtupu. Mtume mmoja wao kwa niaba yako, na umjulishe mkurugenzi mapema kwa jina lake na kwamba jambo hilo analijua.

Nao wadai kitu. Wajukuu wako wakiwa na karatasi za kujaza za skuli kwenye intaneti, au malipo ya afisi yakihamia katika programu mpya ya kompyuta usiyoizoea, waambie wakukalie wakuoneshe mpaka uweze mwenyewe. Wengi wetu tuliokaribia kustaafu tunaona tabu kuuliza jambo kwa aliye umri wa binti yetu, na tabu hiyo ndiyo inayotufanya tukae mbali nao. Waulize.